Gia nyepesi si uvivu, mfundishe mwanao mapema

Mafia. Wazazi wengi wa leo walijifunzia baiskeli kwenye Phoenix ya baba au ya mjomba: chuma kizito, gia moja na kanuni moja tu, kanyaga. Ukishindwa, unashuka na kusukuma.

Ndiyo maana baiskeli ya mbio yenye matairi membamba na gia nyingi inapoingia nyumbani, mzazi humfundisha mwanawe kanuni ileile. Mtoto akiweka gia nyepesi anaambiwa mvivu. Aking’ang’ania gia nzito hadi magoti yakamuuma, anasifiwa kuwa ana nguvu.

Hapo mzazi anakosea, na anayelipa ni mtoto. Magoti yanauma, cheni inaruka, hamu inaisha, na baiskeli iliyonunuliwa kwa fedha nyingi inabaki kuegemea ukuta.

Upepo ndio mlima

Mafia haina milima ya kutisha. Barabara ya lami inayotoka Kilindoni hadi Utende, kama kilomita 14, ni mahali pazuri pa kujifunzia, mradi iwe asubuhi kabla magari na bodaboda hazijawa nyingi. Kwenye njia za mchanga, tairi jembamba linazama.

Mlima wa hapa ni upepo. Msimu wa kusi, anayekwenda Utende hupigwa usoni. Akigeuza kurudi Kilindoni, upepo uleule unamsukuma mgongoni. Barabara ni ileile na miguu ni ileile, lakini kwenda kunataka gia nyepesi na kurudi kunataka gia nzito. Mtoto asiyejua kubadilisha ataona kwamba siku nyingine ana nguvu na siku nyingine hana.

Gia haikuongezei nguvu, inakusaidia kuigawa. Chukua baiskeli yenye meno 50 mbele. Cheni ikiwa kwenye meno 11 nyuma, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza karibu mita 9.5. Ukihamishia cheni kwenye meno 34 mbele na 28 nyuma, mzunguko huohuo unakusogeza kama mita 2.5. Unakwenda hatua fupi, lakini kila hatua ni nyepesi. Ni kama kubeba gunia la nazi kwa mafungu badala ya kulinyanyua lote kwa mkupuo.

Anza na mkono wa kulia

Kwenye baiskeli nyingi, mkono wa kulia hubadilisha gia za nyuma na wa kushoto za mbele. Kwa wiki ya kwanza, mwache mtoto atumie wa kulia tu. Akishazoea, aongeze wa kushoto.

Kanuni za kumpa ni nne. Kwanza, abadilishe huku miguu ikizunguka, kwa sababu cheni haihami pedali zikiwa zimesimama. Pili, wakati wa kubadilisha alegeze kukanyaga kidogo, kwani cheni iliyokazwa kwa nguvu hukwaruza, huruka au hukatika. Tatu, abadilishe kabla ya shida: kabla ya mwinuko, kabla ya kutoka kwenye miti na kukutana na upepo, na kabla ya kusimama, ili akianza tena asihangaike katikati ya barabara. Nne, asiweke duara kubwa la mbele pamoja na kubwa kabisa la nyuma, wala dogo na dogo. Hapo cheni hukaa mshazari na kulika haraka.

Kujua kama gia inamfaa ni rahisi. Hesabu mara ngapi goti la kulia linapanda kwa sekunde 15. Likipanda mara 15 hadi 20, yuko sawa. Likiwa chini ya hapo na anayumba, gia ni nzito. Akirukaruka kwenye tandiko, ni nyepesi mno.

Hata mabingwa walikatazwa

Dhana kwamba gia ni ya wanyonge si ya wazazi wa hapa pekee. Mashindano makubwa ya Ufaransa, Tour de France, yalizuia waendeshaji kutumia vifaa vya kuhamisha cheni hadi 1937. Kabla ya hapo, mtu alishuka mlimani, akachomoa gurudumu la nyuma na kuligeuza ili apate gia nyingine. Leo hakuna anayeshindana huko bila gia. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda hatua tatu na jezi ya kijani mwaka 2024, hubadilisha gia muda wote wa safari.

Adui mwingine ni chumvi

Baiskeli ya kisiwani huliwa na hewa ya bahari. Mzoeshe mwanao kufuta cheni kwa kitambaa kikavu, kuipaka mafuta kidogo ya mashine na kufuta yaliyozidi. Mafuta ya kupikia au ya nazi yananasa mchanga. Asiilaze baiskeli upande wa kulia, kwa kuwa mkono unaosogeza cheni uko huko, na ukipinda gia zote zinavurugika.

Na mzazi, kabla ya kumwambia mtoto kuwa ni mvivu, panda mwenyewe. Nenda na upepo usoni kwa gia nzito, kisha weka nyepesi. Utaelewa kwa nini mwenzako alikuwa akilalamika.