Kununua nyumba Niboye: Noteri si wakili wako

KIGALI — Ni kawaida kwa mfanyabiashara anayenunua nyumba mjini Kigali kuanza na dalali na kumalizia kwa noteri, bila kumtafuta wakili katikati. Mara nyingi mambo huenda salama. Lakini yanapoharibika, huwa yameharibika kabla ya kufika kwa noteri, yaani siku ile malipo ya awali yalipotolewa kwa karatasi ya kuandikiana mkono. Na kwa mwenye lori au mwenye duka la jumla, fedha hizo mara nyingi ndizo mtaji wenyewe wa kuendeshea kazi.

Suala hili linawahusu wanaotazama sekta ya Niboye, mojawapo ya sekta 10 za Wilaya ya Kicukiro. Ni eneo la makazi lililo karibu na barabara inayotoka Sonatube kuelekea Bugesera, na si mbali sana na bandari kavu ya Masaka, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019 na ambayo hupokea mizigo inayotoka Mombasa na Dar es Salaam. Kwa mtu ambaye magari yake hushusha Masaka, kuwa na nyumba Niboye ni jambo la maana. Swali ni nani amsimamie wakati wa kuinunua au kuiuza.

Kazi mbili tofauti

Mnunuzi kutoka Nairobi amezoea kuona wakili wake na wakili wa muuzaji wakiandikiana barua tangu mwanzo hadi hati inapobadilishwa jina. Akifika Kigali hukuta utaratibu mwingine. Kinachotakiwa ni pande zote mbili kusaini mbele ya noteri wa ardhi, awe wa serikali katika ofisi ya sekta au noteri binafsi aliyeidhinishwa. Baada ya hapo maombi hupelekwa kwa njia ya kompyuta hadi kwa msajili wa hati za ardhi, aliye chini ya Mamlaka ya Taifa ya Ardhi (NLA), taasisi iliyoundwa mwaka 2022.

Noteri huhakikisha kwamba waliosimama mbele yake ndio wenyewe, kwamba wamekubaliana kwa hiari na kwamba karatasi zinazotakiwa zimo. Hana upande. Si kazi yake kumwambia mnunuzi kwamba mkataba hausemi fedha zitarudishwaje endapo biashara itavunjika, wala kumwambia muuzaji kwamba anasaini kabla ya kulipwa. Mwenye kazi hiyo ni wakili, ambaye hulipwa na upande mmoja na kuutetea upande huo. Anayedhani noteri atamfanyia kazi ya wakili hujikuta hana mtu.

Hati inasema nini, na haisemi nini

Rwanda ilisajili viwanja vya nchi nzima katika mpango ulioenea kati ya mwaka 2009 na 2013, na zaidi ya viwanja milioni 10 viliingizwa katika kumbukumbu. Kila kiwanja kina nambari yake iitwayo UPI, inayosomeka kuanzia mkoa, wilaya, sekta, akagari hadi kiwanja chenyewe. Tangu Januari 2023 hati hutolewa kwa njia ya elektroniki. Hivyo basi, karatasi ya zamani anayoionyesha muuzaji haitoshi kuwa ushahidi. Kinachohesabika ni kile kilichomo katika kumbukumbu za NLA siku hiyo.

Mfumo huu umefanya iwe vigumu kuuza kiwanja cha mtu mwingine kwa hati ya kughushi. Hata hivyo, kumbukumbu humwonyesha mwenye mali, haziwezi kuonyesha kila alichoahidi. Hazitasema kama muuzaji tayari amepokea malipo ya awali kutoka kwa mnunuzi mwingine, kama kuna mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka mzima, au kama ukuta wa jirani umeingia ndani ya mpaka. Ndiyo maana wakili wa karibu, anayeweza kufika Niboye kwa miguu yake, kuitazama nyumba na kuzungumza na uongozi wa umudugudu, ana faida kuliko yule atakayefanya kila kitu kwa simu.

Jinsi ya kumchagua

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba ni wakili kweli. Mawakili wa Rwanda wako chini ya Chama cha Mawakili wa Rwanda, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997, na jina la anayeruhusiwa kufanya kazi huweza kuulizwa katika chama hicho. Mtu anayejiita mshauri wa ardhi katika ofisi ya dalali huenda akawa na uzoefu, lakini akikosea hakuna chama cha kumshitakia.

Pili ni kujua amezoea kazi gani. Wakili hodari wa kesi za forodha si lazima awe hodari wa ardhi. Swali rahisi la kumpima ni kumtaka aeleze, bila kufungua kitabu, hatua zote tangu kuangalia UPI hadi hati mpya kutoka, na mahali ambapo mauzo aliyosimamia karibuni yalikwama. Anayejibu kwamba hakuna kilichowahi kukwama, ama kazi hizo hazifanyi au hasemi kweli.

Tatu ni kuuliza amekujaje. Wakili aliyeletwa na dalali au na muuzaji tayari ana mwenyewe. Dalali hulipwa biashara ikikamilika, kwa hiyo hapendi mtu wa kuichelewesha. Pia wapo wanaopendekeza wakili mmoja wa pande zote mbili ili kupunguza gharama. Unafuu huo hudumu mpaka siku ya ugomvi, maana siku hiyo wakili huyo hawezi kumtetea yeyote kati yao.

Nne ni lugha. Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, lakini karatasi za ardhi kwa kawaida huandikwa kwa Kinyarwanda au Kiingereza. Mnunuzi kutoka Kahama, Goma au Bujumbura atafute wakili atakayemweleza kila kifungu kwa Kiswahili kabla ya siku ya kusaini, si siku yenyewe mbele ya noteri.

Tano ni malipo yake. Makubaliano yaandikwe: jumla ni kiasi gani, hulipwa kwa hatua zipi, na ni kazi gani haimo. Mfanyabiashara adai risiti ya EBM kama anavyodaiwa yeye na wateja wake.

Kazi ya wakili kabla ya fedha kutoka

Wakili aliyechaguliwa vizuri huanza kazi kabla ya senti moja kutolewa. Huangalia UPI na kulinganisha jina la mwenye hati na kitambulisho cha muuzaji. Huuliza kuhusu ndoa. Rwanda ina aina tatu za makubaliano ya mali kati ya mume na mke: mali yote kuwa ya pamoja, mali iliyochumwa katika ndoa kuwa ya pamoja, au kila mmoja na yake. Ikiwa nyumba ni ya wote wawili, sahihi ya mmoja haitoshi. Kwa mali ya marehemu, huhakikisha kwamba urithi umekwisha kugawanywa na kusajiliwa.

Aidha, huangalia rehani, ambazo husajiliwa katika Bodi ya Maendeleo ya Rwanda (RDB), na zuio lolote lililowekwa juu ya kiwanja. Huuliza Mamlaka ya Mapato (RRA) kama kodi za mali hiyo zimelipwa. Huangalia mpango mkuu wa Jiji la Kigali ili kujua kiwanja kimetengwa kwa matumizi gani, jambo ambalo ni muhimu kwa mtu anayewaza kuweka bohari au kulaza malori uani. Kiwanja cha makazi hakigeuki yadi ya malori kwa sababu tu kina geti pana.

Chukua mfano wa nyumba ya faranga milioni 80, ambayo muuzaji bado anadaiwa na benki milioni 30. Mnunuzi asiye na wakili humlipa muuzaji milioni 80 zote kwa ahadi kwamba ataenda kulipa benki. Asipokwenda, rehani inabaki, hati haihamishiki bila ridhaa ya benki, na mnunuzi anaishi katika nyumba inayoweza kupigwa mnada kwa deni la mtu mwingine. Wakili angeandika mkataba kwa namna nyingine: milioni 30 zinalipwa moja kwa moja katika akaunti ya mkopo, benki inatoa barua ya kuachia rehani, RDB inaifuta, na salio linatoka baada ya hapo. Nyumba ni ileile na bei ni ileile. Tofauti ni mpangilio wa malipo.

Upande wa muuzaji

Muuzaji naye asidhani kwamba wakili ni wa mnunuzi peke yake. Hatari yake kubwa ni kusaini mbele ya noteri kwa kuonyeshwa picha ya malipo katika simu, huku fedha hazijaingia. Wakili wake huhakikisha kwamba fedha zimeonekana katika akaunti, kwamba mkataba unasema nani analipa ada ya uhamisho na nani anasimamia kodi ya mauzo ya mali isiyohamishika, iliyomo katika sheria ya mwaka 2023 ya mapato ya serikali za mitaa, na kwamba tarehe ya kukabidhi funguo imeandikwa.

Kwa wanaotoka ng'ambo ya mpaka

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na wapo wanaodhani kwamba inampa raia wa nchi mwanachama haki sawa ya ardhi. Sivyo. Kifungu cha 15 kinaacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Nchini Rwanda sheria inayotumika ni ya mwaka 2021, na kwa kawaida mgeni hupata ardhi kwa ukodishaji wa muda mrefu, si umiliki kamili. Wakili asome muda uliobaki katika hati na kuueleza, maana thamani ya nyumba wakati wa kuiuza hutegemea pia miaka hiyo.

Dereva au tajiri asiyeweza kufika siku ya kusaini humpa mtu mwingine uwakilishi. Hati hiyo ithibitishwe na noteri na itaje UPI, bei na mamlaka anayopewa mwakilishi, isiwe ya jumla. Rwanda imo katika mkataba wa kimataifa wa apostile tangu Juni 2024, na Burundi imo tangu 2015. Kwa hati inayotoka nchi isiyomo, njia ni kupitia wizara ya mambo ya nje na ubalozi, na hilo huchukua siku. Ni vyema wakili aulizwe mapema.

Jambo jingine ni sarafu. Wafanyabiashara wa mpakani wamezoea kukadiria kwa dola, lakini Benki Kuu ya Rwanda (BNR) inataka bei za ndani ya nchi ziwe kwa faranga, isipokuwa kwa walioruhusiwa. Mkataba uandikwe kwa faranga, malipo yapitie benki, na stakabadhi zitunzwe.

Gharama ya kukosa

Ada ya wakili huonekana kubwa siku inapolipwa, kwa sababu kazi yake ikifanyika vizuri hakuna kinachotokea. Lakini hakuna msafirishaji anayevusha mzigo wa milioni 80 Rusumo bila wakala wa forodha na bima. Kwa nyumba ya bei hiyo Niboye, wakili ndiye wakala, na mkataba alioandika ndio bima. Atafutwe kabla ya malipo ya awali, kwa sababu baada ya hapo kazi yake huwa ni kudai fedha, na kudai ni kazi ghali kuliko kuzuia.