Mwewe wa shule yetu anabeba nini? Namna ya kupiga foto ya ndege mwindaji akiruka

Wengi wenu mulituona kila siku ya posho chini ya kiwanja cha mpira, karibu na ziwa, tukielekeza aparei hewani, na mulituchekelea: «Banapiga foto ya mawingu!» Leo tunajibu.

Habari ilianza na kuku. Mwanzo wa muhula huu vifaranga vya shule vilikuwa vinapotea, na kila mtu alisema mwizi ni mwewe. Sentineli akaleta shauri la kuweka nyama yenye sumu juu ya paa la jikoni. Sisi watatu wa kundi la biolojia tulienda kwa Bwana Prefe. Tulimwambia kwamba sumu haichagui, inaua mwewe, inaua mbwa wa jirani, na ndege anayekula panya aliyekufa kwa sumu anaweza kufa naye. Tena tulimweleza kwamba mwewe anakamata kitu kwa miguu, kisha anainamisha kichwa na kukila akiwa angali anaruka. Foto nzuri ya miguu yake ingeonyesha alichoiba. Bwana Prefe alitupa majuma matatu, hata siku moja zaidi hapana.

Mwalimu wa biolojia alituazima aparei yake yenye objektifu ya milimita 300. Juma la kwanza hatukupata kitu. Foto zote zilikuwa na alama nyeusi kama makaa, mabawa yakiwa kama moshi. Tulianza kubishana nani aliharibu aparei, kumbe aparei ilikuwa mzima. Sisi ndio hatukujua kazi.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme ndege anakwenda metre 10 kwa sekunde moja. Aparei ikifungua jicho lake kwa sehemu 1 ya 125 ya sekunde, ndege amekwisha kusogea sentimetre 8, na kichwa chake kimejifuta. Kwa sehemu 1 ya 1000 anasogea sentimetre 1 tu. Na bawa linakwenda mbio kuliko mwili. Basi tukaweka 1000, na jua likiwa kali tukapanda mpaka 1600.

Makaa nayo yana sababu yake. Aparei inapima mwanga wa kila kitu inachokiona, na mbingu ni nyeupe sana. Inadhani mwanga umezidi, inaupunguza, na ndege anabaki kivuli. Dawa yake ni kuipima aparei kwenye majani yaliyopigwa na jua, kisha kuacha vipimo hivyo bila kuvigusa, hata ndege akipita mbele ya mlima au mbele ya wingu. Kwa maana jua linalomulika majani ndilo linalomulika ndege.

Lakini neno kubwa ni fasi ya kusimama, na hapa Uvira tumebarikiwa. Asubuhi jua linatoka upande wa Burundi, ng'ambo ya ziwa, na milima ya Mitumba iko nyuma ya mji. Ukisimama ukitia mgongo ziwani, jua linapita juu ya bega lako na kumpiga ndege kifuani, na nyuma yake una mlima wa kijani, si mbingu nyeupe. Ukigeuka kutazama ziwa asubuhi, unapata makaa tena.

Kisha kuna upepo. Mapema sana unashuka toka milimani kwenda ziwani. Jua likipanda, nchi kavu inapata moto upesi kuliko maji, hewa yake inapanda juu, na hewa ya ziwa inakuja kushika fasi yake. Mwewe anapotaka kupunguza mwendo au kutua, anaelekeza uso kwenye upepo. Kwa hiyo asubuhi mapema anakuonyesha mkia, na wewe unaharibu foto mingi bure. Upepo ukigeuka, anakuja uso kwa uso nawe, miguu mbele. Juma la pili tuliacha kupiga kabisa siku nzima, tukaandika tu katika kayee: amezunguka wapi, ametua mti gani, amepindua mkia namna gani kabla ya kushuka. Siku ile tulijifunza mambo mingi kuliko siku zote tulizobeba aparei. Mkia wake wenye pembe mbili unaanza kupinda kwanza, kisha mwili unafuata. Ukiona mkia umepinda, kidole kiwe tayari.

Mwili wako nao ufuate ndege. Mshike katika aparei akiwa mbali bado, zungusha kiuno pamoja naye, usisimamishe mkono unapobonyeza.

Mwaka 1882 Mfaransa mmoja, Étienne-Jules Marey, alitengeneza aparei yenye umbo la bunduki ili kuchunguza namna ndege anavyopiga mabawa. Ilichukua foto 12 katika sekunde moja. Tunaogopa Bwana Marey asingefika mbali na bunduki yake hapa kwetu! Sisi wenyewe, na objektifu tu, wavuvi walitufukuza siku moja. «Ninyi batu ba kodi, munahesabu nyavu zetu!» Tulirudi kesho yake na mwalimu, tukamsalimu mkubwa wa pwani, tukamwonyesha foto zetu kwenye aparei. Walicheka, na tangu siku ile wao ndio walituita: «Vijana, yule anakuja!» Kwa hiyo omba ruhusa mbele, na usielekeze kitu kirefu kwa watu wenye silaha.

Kwenye kiota usiende. Unamfukuza mama juu ya mayai, na wewe pia una hatari: Eric Hosking, mpiga foto wa ndege wa Uingereza, alipoteza jicho moja mwaka 1937 alipopigwa na bundi karibu na kiota.

Tulipiga foto zaidi ya 600. Zilizoonyesha miguu vizuri zilikuwa 18. Katika 9 miguu ilikuwa mitupu. Katika 4 alibeba ndagala au vichwa vya samaki toka pwani, katika 3 panya, katika 1 mfuko wa plastiki wenye mabaki ya bukari. Na ya mwisho ilionyesha kifaranga cheupe, cha kwetu, hakuna ubishi.

Mmoja wetu alisema tuifute ile foto, kwa maana ni moja tu na itaua mwewe wote. Tulibishana mpaka usiku. Mwishowe tulipeleka zote 18. Sentineli alipoiona ile moja alipiga mikono: «Si nilisema!» Lakini yeye mwenyewe alikuwa amehesabu vifaranga jioni na asubuhi, kama tulivyomwomba. Vilipotea 7, na 5 kati yao vilipotea usiku, saa ambazo mwewe amelala. Bwana Prefe alitazama sana zile foto za panya, kwa sababu mahindi ya depo yanaliwa. Akasema sumu hapana, banda lifunikwe.

Stensili yetu haiwezi kuchapa foto, basi tumezibandika kwenye mlango wa bibliotheki, na ile ya kifaranga iko katikati. Wavuvi walitupa wavu mmoja wa kale wa kufunika banda. Haukutosha, upande wa nyuma uko wazi bado. Mwenye wavu uliopasuka nyumbani kwao aulete kwa sentineli mbele ya siku ya posho.

Kapita wa wanafunzi, kilasi ya sita, pamoja na wenzake wawili