Magari ya waya yamerudi? Muulize mtoto wa Msimbati

Kama ulikulia Tanzania miaka ya tisini au kabla ya hapo, kuna uwezekano mkubwa uliendesha gari lako mwenyewe kabla hujafikisha miaka kumi. Fremu ya waya, magurudumu ya ndala iliyokatika, usukani kwenye mti mrefu unaofika kifuani, na mlio wa injini unautoa kwa mdomo wako mwenyewe. Leseni huna, breki huna.

Nimelikumbuka gari hilo ufukweni Msimbati, kule Mtwara, karibu na Ruvuma inapoingia baharini. Tulikuwa watu wazima watano, maji yamekupwa, akapita mtoto wa miaka tisa hivi anakimbiza lori la waya. Nyuma kalifunga chupa mbili za maji. Tukamuuliza zile ni nini, akasema, "Gari la gesi." (Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982 na inasafiri kwa bomba, siyo kwa lori, lakini nani angekuwa na moyo wa kumsahihisha?)

Basi hapo mjadala ukaanza. Mmoja wetu akapaza sauti, "Jamani, magari ya waya yamerudi!" Mwingine akakataa: hayajawahi kuondoka, ni nyie mliohamia mjini. Wa tatu akasema hili siyo lile. La kwao Masasi lilikuwa na magurudumu ya waya mtupu, hizi ndala ni mambo ya watu wa pwani. Tukabishana nusu saa nzima, watu wenye shahada zao, juu ya gari ambalo halina hata tairi.

Nimeendelea kulifikiria swali lile, na naona lina sayansi nyingi kuliko tulivyodhani siku ile. Tuanze na neno lenyewe: kurudi.

Wenzetu wa nchi nyingine wana mjadala kama huu kuhusu LEGO, yale matofali ya plastiki kutoka Denmark. Mwaka 2022, kampuni ilipotimiza miaka 90, ilitoa upya ngome ya mashujaa na chombo cha anga vilivyofanana na vile vya zamani, na watu wazima wenye mvi walifurahi kama watoto. Kurudi kule ni rahisi kueleweka. Namna matofali yale yanavyoshikana ilisajiliwa Januari 1958, na tofali la mwaka huo bado linashikana na la leo. Matofali sita tu yenye vichwa vinane yanaweza kuungwa kwa njia 915,103,765. Kumbukumbu yote ya mchezo imo ndani ya kipande chenyewe na ndani ya kalibu za kiwandani. Kampuni ikiamua, mchezo unarudi.

Gari la waya halina kalibu, halina boksi, halina karatasi ya maelekezo. Kumbukumbu yake yote imo vidoleni mwa mtoto aliyetangulia. Hebu tuone vidole hivyo vinajua nini.

Waya unaokumbuka

Chukua waya ule mweusi mafundi wanaofungia nondo. Ukunje kidogo sana kisha uachie: unarudi ulivyokuwa. Ukunje zaidi: unabaki ulivyoukunja. Ndani ya chuma atomi zimepangwa safu kwa safu. Ukikunja kidogo unazivuta tu, kama mpira wa manati, na ukiachia zinarejea mahali pake. Ukivuka kikomo fulani safu zinateleza, moja inapita juu ya nyingine, na hapo hakuna tena kurudi. Bila tabia hii gari la waya lisingekuwepo, maana kila kona ya fremu ni mahali ambapo mtoto amevusha chuma kwenye kikomo hicho kwa makusudi.

Sasa kunja na kunjua mahali palepale mara kadhaa. Utasikia waya unakuwa mgumu, halafu unapata joto, halafu unakatika tik! Ule utelezi wa safu haupiti bure. Kila safari unaacha vurugu ndani ya mpangilio, na vurugu zikishakuwa nyingi zinazuiana zenyewe, kama daladala zilizokutana njia panda hakuna anayetaka kurudi nyuma. Wahandisi wana somo zima juu ya jambo hili. Mtoto asiye na plaizi analitumia kila siku: ndiyo njia yake ya kukata waya. Na ndiyo sababu anajua kwamba kona ukiikosea mara ya kwanza, usiirekebishe mara nyingi.

Kuna dawa pia. Ukiuchoma waya uliokaza mpaka ukawa mwekundu kisha ukauacha upoe taratibu, unalainika, kwa sababu joto linazipa atomi nafasi ya kujipanga upya. Waya wa nondo umepitishwa motoni kwa namna hiyo kiwandani, ndiyo maana unakunjika kwa mkono. Waya wa seng'enge ni mgumu zaidi. Ule wa ndani ya tairi ni mgumu kupita yote, una kaboni nyingi, unarudi nyuma kama springi. Hapa niseme jambo moja bila mzaha. Wengi wetu tuliupata waya huo kwa kuchoma matairi, tukazunguka moto tunacheka. Moshi ule una masizi na kemikali zinazojulikana kusababisha saratani. Kama kuna sehemu ya mchezo huu isiyopaswa kurudi, ni hiyo.

Halafu kuna pembetatu. Unda mraba wa waya, usukume kona moja: unalala upande. Unda pembetatu: haiendi popote, mpaka waya wenyewe ukunjike au ukatike, kwa sababu urefu wa pande tatu unaruhusu umbo moja tu. Mraba wenye pande zilezile unaweza kuwa na maumbo yasiyohesabika. Fundi anayepiga kenchi la nyumba yako analijua hili. Lori la yule mtoto lilikuwa na waya wa mshazari kila upande wa bodi, na sidhani kama kuna mwalimu aliyekuwa amemfundisha hivyo.

Nipite haraka kwenye ekseli, ingawa ni sehemu ninayoipenda. Gari likikata kona, gurudumu la nje linasafiri mbali kuliko la ndani. Magari ya kweli yanahitaji difu ili magurudumu ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Gari la waya linalikwepa tatizo lote: ekseli haizunguki, kila gurudumu linazunguka lenyewe juu ya waya. Tundu linatobolewa kwa msumari wa moto, siyo kisu, kwa sababu joto linalainisha plastiki pembeni mwa tundu na ikipoa inabaki laini. Tundu la kisu lina mipasuko, na mpasuko ukishaanza unaendelea tu.

Kwa nini ndala, kwa nini Msimbati

Turudi kwa mwenzetu wa Masasi na magurudumu yake ya waya mtupu. Alikuwa sahihi, na mtoto wa Msimbati naye alikuwa sahihi. Wanaendesha kwenye barabara tofauti.

Tupige hesabu ndogo. Sema gari lina gramu 400 na kila gurudumu linagusa chini kwa urefu wa sentimita moja. Gurudumu la waya lina unene wa milimita 2, kwa hiyo manne yanagusa eneo la sentimita za mraba 0.8 tu. Kila sentimita ya mraba inabeba gramu 500. Kwenye udongo mgumu hilo si tatizo. Kwenye mchanga, gurudumu linakata kama kisu na kuzama. Gurudumu la ndala lenye unene wa sentimita 2 linagusa eneo mara kumi zaidi, kwa hiyo kila sentimita inabeba gramu 50. Linaelea juu ya mchanga, kama vile dereva anayepunguza upepo wa matairi kabla ya kuingia ufukweni.

Na Msimbati ni mahali pazuri pa kulisemea hili, kwa sababu ufukwe wake unasifika kwa jambo moja: magari ya kweli yanapita juu ya mchanga wake. Watu wanasafiri kwenda kujaribu. Ukiyaangalia, utaona madereva wenye akili hawaendi kwenye mchanga mkavu wa juu. Wanafuata ukanda ulioachwa na maji kupwa. Yule mtoto na lori lake alikuwa kwenye ukanda huohuo.

Mchanga mkavu ni punje zisizojuana. Ukiongeza maji kidogo, kati ya punje na punje panajengeka daraja dogo la maji, na ngozi ya maji yale inazivuta punje zishikane. Ukiongeza maji mpaka nafasi zote zikajaa, madaraja yanapotea na mchanga unakuwa uji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walichapisha mwaka 2012 kwamba ukitaka kujenga mnara wa mchanga, kiasi kizuri cha maji ni karibu asilimia 1 tu ya ujazo. Miaka miwili baadaye walipima nguvu ya kuburuta mzigo juu ya mchanga, wakakuta kwamba maji kidogo ya kipimo sahihi yanaweza kuipunguza karibu nusu. Wamisri wa kale walikuwa wameshalichora jambo hilo ukutani, kwenye kaburi la Djehutihotep: sanamu kubwa inaburutwa, na mtu mmoja amesimama mbele yake anamwaga maji mchangani.

Kwa hiyo lile "gari la pwani" ni gari lililojibu swali la mchanga, kwa kutumia kitu ambacho bahari inakileta bure. Ndala inaelea, imejaa viputo vya hewa vilivyofungwa, ndiyo maana fukwe zetu zimejaa ndala za watu wasiojulikana. Lamu waliziona nyingi kiasi cha kujenga jahazi la plastiki iliyorejelewa, Flipflopi, likafunikwa kwa ndala zipatazo 30,000 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019.

Mtihani uliokosea swali

Sasa sehemu inayonigusa zaidi. Mwaka 1979 mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyefanya kazi miaka mingi Zambia, alichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza. Kazi ilikuwa kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Manchester waliwashinda wa Lusaka. Kwa udongo wa mfinyanzi, hakukuwa na tofauti. Kwa waya, watoto wa Lusaka waliwashinda wa Manchester.

Hebu isome tena hiyo aya. Watoto ni walewale, na jambo linalopimwa ni lilelile: kuona umbo, kulishika akilini, kulitoa upya kwa mkono. Kilichobadilika ni kifaa tu. Mitaani Lusaka watoto walikuwa wanaunda magari ya waya, kama sisi. Kama Serpell angeleta penseli peke yake, angeondoka na hitimisho kwamba watoto wa Afrika wana upungufu wa kuona maumbo, na wapo waliowahi kuhitimisha hivyo kwa vipimo vya aina hiyo.

Uwezo huu wa kuzungusha umbo kichwani si kipaji cha kuzaliwa nacho ukabaki hivyo. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2013 uliokusanya tafiti 217 ulionyesha kwamba unaongezeka kwa mazoezi, na kwamba faida inahamia hata kwenye kazi ambazo mtu hakuzifanyia mazoezi. Ni uwezo unaohitajika kwenye uhandisi, kwenye upasuaji, kwenye kemia. Mtoto wa Msimbati anaufanyia mazoezi kila jioni. Kisha anaingia darasani, anapewa karatasi yenye mchoro wa mche mstatili na kuulizwa una nyuso ngapi, na akisita tunaandika kwamba hesabu hawezi.

Kwa sababu hiyo mimi sikubali kwamba gari la waya "limerudi" pale linapouzwa likiwa tayari, limepakwa rangi, limetundikwa kwenye duka la watalii. Ni kazi nzuri ya mikono na fundi wake alipwe, tena vizuri. Lakini kilichorudi pale ni umbo. Mtoto akinunuliwa lile, hajakunja hata kona moja.

Siku ile mwenzetu wa Masasi hakukubali kushindwa. Akaomba waya, akakaa chini ya mkarafuu wa pwani... nasema uongo, ulikuwa mvinje, akaanza kuunda gari la kwao. Mikono ilikumbuka mambo mengi kuliko alivyotarajia. Fremu ikasimama. Akaweka magurudumu, akasukuma hatua tatu, gurudumu la kushoto likachomoka likaenda zake kuelekea majini.

Yule mtoto alikuwa amesimama pembeni muda wote, kimya, kwa adabu. Akaliokota, akalirudisha kwenye ekseli, akakunja ncha ya waya kwa kidole gumba.

"Shikamoo kaka," akasema. "Hapa unapiga kona, halafu haitoki."

Tukamuuliza nani kamfundisha. Akasema kaka yake. Na kaka yake kafundishwa na nani? Akatuangalia kama watu tusio na akili timamu, akashika usukani wake, akawasha injini kwa mdomo na kuondoka.