Korea na Japani: ni wapi kuna watu wengi wenye unene wa kupita kiasi?

Korea ya Kusini na Japani ni kati ya inchi tajiri zenye watu wachache sana wenye unene wa kupita kiasi. Kadiri ya kipimo cha Shirika la Afya Duniani, OMS, hawafikie hata asilimia 10 ya watu wazima, wakati Marekani ilikwisha kupita asilimia 42 mwaka wa 2018. Lakini waganga wa Seoul na Tokyo wana hesabu ingine kabisa.

Kipimo kinaitwa IMC. Unachukua kilo za mtu, unazigawa kwa urefu wake katika mita, kisha unagawa tena kwa urefu uleule. Kwa OMS, unene wa kupita kiasi unaanzia 30. Kwa Korea na Japani, unaanzia 25.

Tuchukue mwanaume mwenye mita 1,70 na kilo 75. IMC yake ni karibu 26. Kwa OMS, uzito wake umezidi kidogo tu. Huko Seoul ao Tokyo, anahesabiwa tayari kati ya wanene.

Sababu ni ya kiafya. Watu wengi wa Asia wanapatwa na ugonjwa wa sukari na shinikizo la damu wakiwa na uzito mdogo kuliko Wazungu, kwani mafuta yanajikusanya ndani ya tumbo, kando ya maini na matumbo. Kungojea 30 ni kuchelewa.

Kwa kipimo hicho cha 25, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2019 ulionyesha hivi: katika Japani, wanaume asilimia 33 na wanawake asilimia 22,3, katika Korea, wanaume asilimia 41,8 na wanawake asilimia 25. Korea iko mbele, na tofauti kubwa iko kwa wanaume. Mwaka wa 2020, wakati wa Covid-19, wanaume wa Korea walipanda hadi asilimia 48.

Serikali hazikukaa kimya. Tangu 2008, Japani inapima kiuno cha watu wa miaka 40 hadi 74. Mwanaume mwenye sentimita 85 ao zaidi, na mwanamke mwenye 90, wakiwa pia na alama zingine za hatari kama vile sukari ao shinikizo la damu, wanapewa mashauri juu ya chakula na mazoezi. Korea nayo ilichagua kulinda watoto: ilikataza matangazo ya televisheni ya vyakula vyenye sukari na mafuta mengi katika saa ambazo watoto wanatazama.

Japani ina tatizo lingine pia: karibu mwanamke mmoja kwa watano wenye miaka 20 hadi 29 ni mwembamba kupita kiasi. Kwa hiyo, inchi yenye wanene wachache inaweza bado kuwa na wagonjwa wa uzito, kwa pande zote mbili.