Kutoka Zagayu mpaka baharini: jinsi ya kupanga likizo ya kupumzika KWELI



Juzi nilikuwa kafe pale Bariadi mjini, jamaa wa kompyuta ya pembeni anasoma habari za likizo Australia. Unashuka Sydney, unatembea mjini, unapanda kivuko pale Circular Quay, na baada ya nusu saa hivi uko Manly, mchanga na mawimbi. Jamaa akaguna, "Wenzetu wanaishi." Nikamuuliza, mshikaji, bahari ya hapa kwetu ushaiona? Akacheka. Dar kaenda mara mbili, zote msibani, na mara zote karudi kesho yake.

Sikumcheka, maana mimi nilikuwa hivyo hivyo. Dar nilishaenda mara tatu: usaili wa kazi, msiba wa baba mdogo, na kufuata mzigo Kariakoo. Bahari niliiona kwa dirisha la daladala. Safari ya nne ndiyo niliamua naenda kupumzika tu, siku nane, mji kidogo na ufukwe kidogo. Nilipoaga nyumbani mama akaniuliza kwa upole, "Unaumwa nini mwanangu?" Majirani nao nasikia walihesabu ng'ombe wa mzee kuona kama wametimia. Walitimia.

Basi leo nawapa niliyojifunza, hasa niliyojifunza kwa kukosea. Najua wengine mnalipia dakika, sitazunguka.

Kwanza MUDA WA KWENDA. Sisi wa Simiyu hela inaonekana pamba ikishauzwa, na msimu wa kununua kwa kawaida unafunguliwa Mei. Kwa hiyo mfuko unakuwa na uhai Juni na kuendelea. Bahati nzuri huo ndio wakati mzuri wa pwani: masika ya Machi hadi Mei yameisha, joto limepungua, jasho sio la kutisha. Tatizo ni kwamba Julai na Agosti ndio wazungu nao wako likizo, Zanzibar inajaa na bei zinapanda. Mwanzoni mwa Julai Dar nako kuna Sabasaba, gesti zinakuwa za kugombania. Kura yangu mimi ni Juni katikati, au subiri Septemba. Aprili bei inashuka kweli, lakini utalala chumbani ukisikiliza mvua kwenye bati, na hiyo hata Zagayu ipo bure.

Halafu jambo ambalo naliona kubwa kuliko bei: USIPANGE VITU VINGI. Sisi tukishatoa nauli tunataka kuimaliza dunia kwa wiki moja. Leo Bagamoyo, kesho Nungwi, keshokutwa Jambiani, mtondo Pemba. Kila kuhama ni nusu siku imekwenda, pamoja na bodaboda, mizigo na kubishana bei. Chagua sehemu mbili za kulala, ukizidisha sana tatu. Mimi nililala Dar siku mbili, ufukweni Zanzibar tatu, Mji Mkongwe moja, zilizobaki ni njia.

Na njia ni ndefu kwelikweli. Maswa, Mwigumbi, Shinyanga, Nzega, Igunga, Singida, Dodoma, Morogoro... zaidi ya kilomita 1,000 mpaka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis. Ukienda moja kwa moja unafika miguu imevimba kama umeng'atwa na nyuki, na siku ya kwanza ya likizo unailala yote. Siku hizi kuna ujanja. Shuka Dodoma, lala, asubuhi chukua treni ya SGR. Imeanza kubeba abiria kati ya Dodoma na Dar tangu Julai 2024, inatumia kama saa nne hivi, na nauli ya daraja la kawaida ilipotangazwa ilikuwa shilingi 31,000. Angalia bei ya sasa kabla hujaondoka, tiketi zinakatwa pia kwa mtandao. Kitambulisho cha taifa weka mfuko wa mbele kabisa, utakitoa kila mahali.

Kuhusu Dar sitaandika sana, wengi mnaifahamu kwa stori. Ila ifanye kama wale wa Sydney wanavyofanya. Nenda Magogoni, panda kivuko cha Kigamboni (kwa miaka mingi mtu mzima wa miguu amekuwa akilipa shilingi 200!), ng'ambo chukua bajaji mpaka fukwe za Mjimwema. Nyingi zina kiingilio au utatakiwa ununue kinywaji, uliza kabla hujavua viatu. Ukitaka ya bure kuna Coco Beach, mihogo ya kukaanga na kachumbari ya pilipili, jioni upepo usipime. Wikiendi pana fujo, nenda siku ya kazi. Mwenye hela kidogo zaidi atoke na boti aende kisiwa cha Mbudya, ni hifadhi ya bahari tangu 1975, maji meupe mpaka unaona kucha zako. Hapo kuna kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni, tofauti yake kubwa, ndio maana nikasema kitambulisho. Na kama bado una nguvu ingia Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ukaone habari za yule Zinjanthropus aliyefukuliwa Olduvai mwaka 1959.

Sasa BOTI. Najua sisi watu wa Kanda ya Ziwa tuna jeraha. MV Bukoba, Mei 1996. MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018. Na Zanzibar nao wana yao, Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012. Bibi yangu aliniambia nikipanda boti nisimwambie mpaka nishuke. Ushauri wangu: panda boti kubwa za mwendo kasi, kata tiketi dirishani au kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, sio kwa kijana anayekukimbilia getini, na ukiona watu wamezidi viti achana nayo, subiri nyingine. Safari ni kama saa mbili. Kipindi cha kusi, yaani kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari inachafuka, kwa hiyo panda ya asubuhi kabla upepo haujashika kasi, kaa chini na katikati, usile supu ya kongoro kabla. Mimi nilikula. Naomba tusiendelee na hiyo stori.

Ukishuka Malindi bandarini utakutana na vijana wanaotaka kukupeleka hotelini. Wenyewe Wazanzibari wanawaita PAPASI. Wafugaji mmeshaelewa. Sio wote wabaya, ila chumba chako kiwe kimeshapangwa, na usitume hela YOTE kwa simu kabla hujakiona. Mimi nililipa siku tatu kamili kwenye gesti moja kwa picha nzuri niliyotumiwa. Picha ilikuwa ya kweli, ila ya chumba cha jirani. Changu neti ilikuwa na tundu la kupita kuku. Tangu siku hiyo natanguliza siku moja tu. Halafu mkiwa mnaongea bei sema mapema kwamba wewe ni Mtanzania, wengi wana bei mbili. Ile bima ya dola 44 iliyoanza Oktoba 2024 ni ya wageni wa nje, haikuhusu.

Haya, sasa tukae mkao wa kula, maana hapa ndipo nilipopigwa chenga kabisa. Ziwa letu ukilala liko pale, ukiamka liko pale pale. Bahari SIVYO. Nilifika Paje saa nne asubuhi, nimevaa pensi, nimejiandaa, natazama... maji hakuna! Mchanga, majani, madimbwi, na maji yenyewe yako mbali kule kwenye mstari mweupe, mwendo wa robo saa na zaidi. Nilidhani nimetapeliwa bahari.

Mzee mmoja akanielewesha. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni kama saa 12 na nusu, kwa hiyo kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Anayeyavuta ni mwezi, na jua linasaidia. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa mwandamo, jua na mwezi wanavuta pamoja: hiyo inaitwa bamvua. Maji yanapanda juu sana na kushuka chini sana, tofauti inafika mita 3 hadi 4. Mwezi ukiwa nusu, wanavutana kila mtu na upande wake, na maji yanacheza kidogo tu. Hayo yanaitwa maji mafu.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kupanga ukiwa huku huku Zagayu, kwa kuangalia angani. Kwa pande za Unguja, siku za bamvua maji hupwa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za mwezi nusu inageuka: yanajaa mnamo saa nne asubuhi, alasiri yanapwa. Mimi nilifika siku ya mwezi mpevu, asubuhi, ndio maana nikakuta uwanja wa mpira. Kwa hiyo kama unaenda Paje, Jambiani au Bwejuu, na wewe ni mtu wa kuogelea asubuhi, lenga wiki ya mwezi nusu. Ukienda mwezi mpevu, lala asubuhi, ogelea jioni, na usiku utapata mbalamwezi juu ya maji, hiyo nayo ni noma.

Nungwi na Kendwa kule kaskazini maji hayakimbii hivyo, karibu muda wote unaoga. Ila ndio kwenye hoteli kubwa, bei imechangamka na muziki unalia mpaka usiku. Daladala zipo, namba 116 ya Nungwi, 309 ya Jambiani, 324 ya Bwejuu. Zinajaza na hazina haraka, ila wewe uko likizo, unawahi wapi?

Na maji yakipwa usinune. Mimi asubuhi zile ndizo zilinogesha safari. Akina mama wanashuka na kamba na magunia kwenda SHAMBANI, na shamba lenyewe liko baharini: mambo, kamba, na mwani umefungwa vishada vishada. Wanapalilia, wanavuna, wanaanika, wananung'unika kuhusu bei ya mnunuzi. Nilijiona niko Zagayu msimu wa pamba, tofauti ni kwamba jembe halipo na magoti yako majini. Nilimwamkia mmoja, "Shikamoo mama," akaniuliza natokea wapi, nikamwambia kwetu tunalima pamba. Akasema, "Basi mwanangu unaijua shida yetu." Ila msikanyage mashamba yao, na msiwapige picha bila kuomba. Vaa yeboyebo pia, kuna wadudu weusi wenye miiba mirefu kama nungunungu, ukimkanyaga likizo imeishia hapo.

KUOGELEA: kama hujui, simama maji yasipite kiuno, na angalia yanaelekea wapi. Mtu anatembea mpaka mbali maji yamepwa, anajisahau, yanarudi na nyuma yake kuna mkondo. Geuka mapema. Na ukishapiga bia kaa mchangani, bahari haina utani na mlevi.

Mji Mkongwe siku moja inatosha kwa kuanzia. Upo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Nenda Mkunazini palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa 1873, kanyamaze kidogo. Beit al-Ajaib sehemu yake ilianguka Desemba 2020, usiweke kwenye mpango kwamba lazima uingie ndani. Potea vichochoroni makusudi, jioni Forodhani, ila uliza bei ya kila kijiti kabla hakijafika mdomoni. Mimi nasema urojo wa mtaani unaushinda wa Forodhani, bishaneni wenyewe. Vaeni kwa heshima mjini, pensi na vifua wazi viishie ufukweni. Na angalieni mwezi wa Ramadhani umeangukia lini, kila mwaka unawahi kama siku 11. Mchana huo mgahawa wa kawaida utaukuta umefungwa na kula hadharani si adabu.

Kama mfuko hauruhusu haya yote, Mwanza ipo. Bariadi, Lamadi, Mwanza, siku moja umefika. Kapripoint, boti fupi mpaka Saanane, ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 2013, samaki wa moto jioni. Maji hayaendi popote. Tahadhari tu ya kichocho, usioge kwenye maji yaliyotulia yenye majani.

Nilirudi na vitu viwili, chupa ndogo ya maji ya bahari na ngozi imebabuka mabegani. Maji alikuwa ameagiza bibi, hajawahi kuamini kwamba yana chumvi. Akaonja kidogo, akatema, akakaa kimya anafikiri. Kisha akaniuliza, "Sasa ng'ombe wa huko wanakunywa nini?"