Ufuo Usio na Bahari: Twende Korbesa

Kila likizo ya shule ikikaribia wimbo ni ule ule: baba, tupeleke Mombasa. Watoto wakaone Fort Jesus, wakaoge baharini, mrudi mfuko mtupu. Si vibaya. Lakini je, umewahi kufikiria kuipeleka jamaa yako kwenye ufuo usio na hoteli wala ngome, ila una kisa chake cha enzi za Malkia Victoria?

Ufuo huo ni ukingo wa mto Ewaso Ng'iro, huko Korbesa, eneo la Merti, Isiolo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1892 kijana Mmarekani, William Astor Chanler, aliondoka Lamu na msafara wa wapagazi, akiwa na Mwaustria Ludwig von Höhnel. Walifuata mto Tana, kisha wakavuka nyika hadi Ewaso Ng'iro. Von Höhnel hakuwa mgeni wa safari kama hizi. Mwaka 1888 alifika na Count Teleki kwenye ziwa ambalo leo tunaliita Turkana. Sasa walikuwa wamesikia kwamba mto huu nao huishia katika ziwa kubwa liitwalo Lorian. Hebu wafikirie: jua la utosini, kila kona wakitumaini kuona maji yametanda. Walichokikuta ni kinamasi. Matete na matope! Baadaye von Höhnel alijeruhiwa vibaya na kifaru. Chanler alichapisha kitabu mwaka 1896, na jina lake limebaki kwenye maporomoko ya mto huu, juu ya Korbesa.

Usitarajie jumba la makumbusho, basi. Utakachoona ni mikoma na migunga iliyojipanga kando ya maji, ngamia wakishuka kunywa, na upande wa pili nyika isiyo na mwisho. Ukitaka wanyama, pitia kwanza hifadhi ya Shaba, iliyotangazwa mwaka 1974, uone punda milia wa Grevy na choroa.

Safari si ya gari dogo. Sehemu kubwa ni vumbi na mawe, na mvua ikinyesha unaweza kulala njiani. Ulizia hali ya usalama ukiwa Isiolo, chukua mwenyeji, umpigie chifu hodi. Usimpige mtu picha bila ruhusa. Na watoto wasichezee majini: mna mamba.

Waeleze watoto pia maji hayo yanatoka wapi. Yanaanzia Mlima Kenya na Nyandarua, yakapita Nanyuki na Timau, ambako mashamba huyachota kunyweshea maua na mboga, pamoja na zile unazonunua sokoni. Mvua kubwa ikija, mto huipita Lorian ukaelekea Somalia. Kiangazi kikikaza, hukatika kabla ya kufika. Chanler alisikitika kukosa ziwa. Mfugaji wa Kiborana huamka akiulizia mto wenyewe.

Kwa hiyo ukifika Korbesa ukute mchanga mtupu, usigeuze gari kwa hasira. Shuka, angalia palipochimbwa. Utamkuta mtu ndani ya shimo, akiteka maji kidogo kidogo, na mbuzi wamepanga foleni juu yake.