Boma la Matofali Mabichi Kando ya Mto Danube

Nyumba ya matofali mabichi twaijua sote. Lakini je, wajua ya kuwa huko Ujerumani Wakelti wa kale walizungushia mji wao ukuta wa matofali ya namna hiyo? Mahali penyewe huitwa Heuneburg, juu ya kilima kando ya mto Danube.

Mgeni apandaye huko leo huona bonde zuri na mto chini yake, na mbele yake sehemu ya ukuta iliyojengwa upya kwa mfano wa ule wa zamani.

Ukuta huo ulijengwa yapata mwaka 600 kabla ya Kristo. Waliweka msingi wa mawe, udongo usinyonye maji. Juu yake matofali yaliyokaushwa juani, kadiri ya meta 4 kwenda juu. Kisha wakaupaka chokaa. Ufundi huo ulitoka nchi za joto za kusini, lakini ulistahimili mvua na theluji miaka ipatayo 70. Kilichouangusha ni moto. Waliojenga tena waliurudia ujenzi wa wazee wao, wa miti na udongo.

Basi tusiyadharau matofali mabichi. Yape msingi wa mawe, yapake vizuri, nayo yatakaa.